Kidole cha Corey Guerrette

"Katika bonde hili lote," alisema Corey Guerrette, akiichana ploye yake, ile chapati ya bonde lao, kwa madaha kama mtu anayetia saini mkataba, "hakuna anayejua kumwagilia kama mimi. Wengine wana vipimo, wana saa, wana mashine. Mimi nina hiki." Akainua kidole cha shahada juu ya bakuli la mchuzi wa kuku. "Nikikichomeka udongoni, udongo wenyewe unanieleza. Bangi yangu haijawahi kuona kiu, haijawahi kuzama, na haitaugua hata siku moja. Nyote hapa ni mashahidi."

"Kitoe juu ya mchuzi," alisema Bibi Alphonsine. "Unatudondoshea mbolea."

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, na theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Bibi Alphonsine alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilekile kando ya kioo, anapoona kila kitu kinachopita uani, hata kisichomhusu. Kichwani mwa meza alikaa mwanawe, Rosaire Daigle, mkulima wa viazi aliyestaafishwa na mgongo wake. Trekta lilipomfia aliliuza, mashamba alishayakodisha. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ghala la viazi, lile jengo la mawe lililozama nusu ndani ya kilima, na ndani ya ghala hilo Corey, mume wa binti yake Janelle, alikuwa analima bangi ya wagonjwa kwa kibali cha serikali.

"Mashahidi tuko," alisema Rosaire. "Na mimi nataka ushahidi wa macho, si wa kidole. Normand Ouellette amenipigia simu tena. Analitaka ghala aweke mbegu zake za viazi."

Corey aliacha kutafuna.

"Nimemwambia asubiri mavuno haya. Yakisimama, ghala ni lenu, na ufunguo nawakabidhi. Yakianguka, hizo mbao zenu za matuta mtazing'oa nyinyi wenyewe, Normand ataingiza viazi, na wewe, mkwe wangu, utarudi kwenye chipsi."

Pale kwenye kiwanda cha chipsi Corey alikuwa amesimama miaka mbele ya mkanda unaotembea, akiokota vipande vilivyoungua, kavaa chandarua kichwani na chandarua kingine kwenye ndevu. Msimamizi wake alikuwa kijana aliyemzidi yeye shuleni kwa uzembe tu.

"Ndevu zitakosa hewa tena," alisema Janelle, akimpitishia siagi. Alikuwa anatania, lakini jicho lake halikucheka. Yeye na Corey walilala chumba cha juu, juu ya jiko la baba yake, na kila mtu nyumbani mle alijua saa wanayozima taa. Ghala lilikuwa tumaini lao la kuhama chumba kile.

"Janelle, andika tarehe," Corey alimwambia mkewe. "Siku tutakayopewa ufunguo, nataka tuikumbuke."

*

Tusimnyime haki yake: kijana alikuwa anajua. Ndani ya ghala, chini ya taa kali, aliunda matuta manne ya mbao, kila moja na kimo cha kiuno, akayajaza udongo aliouchanganya mwenyewe: mboji ya kinamasi, samadi iliyooza ikaiva, majani makavu, kokoto nyepesi za kupitisha hewa, na minyoo. Juu akafunika kwa majani ya shayiri ili unyevu usikimbie. Hakumwaga maji kama mtu anayezima moto. Alinyunyiza kidogo, akasubiri yanywewe, akazunguka, akarudi. Kisha alikamata konzi ya udongo, akaiminya. Ukishikana na kutoa tone moja mvivu, basi. Ukichuruzika, umezidisha. Ukisambaratika, umepunja.

Na alikuwa na hotuba, ambayo kila mgeni aliisikia atake asitake. Udongo, alisema, una mizani yake. Uchachu ukizidi, mizizi inaumia. Magadi yakizidi, chakula kimo humohumo lakini mizizi haiwezi kukila, kama mtu aliyefungwa mdomo na kuwekewa pilau mbele. "Ndiyo maana sigusi udongo wa mzee," alikuwa akimalizia, akionyesha sakafu ya nyuma ya ghala, ambako udongo uliopukutika kwenye viazi tangu enzi za babu ulikuwa umelundikana. "Mchachu kama siki ya achari. Udongo uliokufa."

Rosaire alikuwa anamsikia. Mkulima wa viazi huuacha udongo uchachuke kwa makusudi, maana bila hivyo viazi hutoka na ukurutu, na mtoto yeyote wa bonde lile anajua hilo. Aliweka tu neno hilo mahali.

Krismasi Janelle alimnunulia mumewe kipimo cha udongo: vichupa, dawa, na karatasi ya rangi za kulinganishia. Corey alimbusu, akashukuru, akalitumia boksi kuegemezea taa iliyokuwa inayumba.

Bangi ilipofika umri wa kutoa maua, ilihitaji kulishwa. Asubuhi hiyo Corey alikuwa na unga wa magamba ya kaa na kambakoche, uliosagwa huko pwani, chakula ambacho minyoo hukikimbilia. Aliuleta ndani ya ndoo nyeupe ya plastiki, akaiweka mlangoni, ili kwanza apokee simu. Mpigaji alikuwa rafiki yake wa kiwandani, na rafiki wa kiwandani ni mtu wa kuringiwa. Alizunguka uani akiongea, mkono mmoja hewani, "Nakwambia, kidole tu, sina mashine!", na alipomaliza aliinama, akabeba ndoo, akaingia, akanyunyiza unga juu ya matuta, tuta la kwanza, la pili, la tatu. Kufika la nne ndoo ikawa tupu.

"Hili litakula kesho," aliliambia, akamwagilia yale matatu, akaenda kunywa kahawa.

Mchana Rosaire alitoka kupeleka takataka, akakuta mteremko wa mlango wa ghala umeganda barafu. Akachota kwenye ndoo ya mlangoni, akamwaga, kama anavyomwaga majivu ya jiko kila baridi ili watu wasiteleze, akakanyaga kwa kujiamini, akaenda chini kwa makalio mpaka kwenye gurudumu la lori.

"Majivu ya mwaka huu ni ya hovyo!" alipiga kelele kwa yeyote aliyesikia. "Hata barafu yanashindwa!"

Aliyesikia ni paka wa jirani. Alikuja, akanusa mteremko, akaita wenzake.

*

Majani ya juu ndiyo yaliyoanza. Yaligeuka manjano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikabaki kijani, kama ramani ya mito katika nchi ya jangwa. Corey alichomeka kidole.

"Kiu," kidole kilisema.

Akamwagilia. Majani yakazidi kuwa manjano. Akachomeka tena, kidole kikabadili kauli, "Yamezama," akanyima maji mpaka shina likalegea. Akarudisha maji. Alikuwa anaingia ghalani kwa kunyata, kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa, na anatoka akipiga mluzi ili waliomo jikoni wasikie mluzi.

"Vipi huko?" Rosaire aliuliza.

"Zinapumzika, mzee. Kabla ya maua hupumzika."

"Zinapumzika," alirudia Bibi Alphonsine, macho yake dirishani. "Hata marehemu mume wangu alianza hivyohivyo."

Kisha Normand Ouellette akaja. Hakuja kusalimia. Alikuja na futi ya kupimia, akapima upana wa mlango wa ghala, mbele ya Corey, bila hata kuomba.

"Samahani, kijana," alisema, akivuta utepe. "Nishikie hapo mwisho."

Na Corey, maskini, akaushika. Alisimama pale ameshika ncha ya futi ya mtu anayepima mahali pa kumfukuzia yeye, na Normand akamshukuru kwa adabu zote.

Jioni ile Janelle alirudi kutoka nyumba ya wazee anakouguza, hajavua hata buti, akaenda moja kwa moja ghalani. Akachukua boksi chini ya taa. Taa ikainama.

"Janelle, hicho kitu ni cha watoto wa shule."

"Basi kaa chini, mtoto wa shule."

Alichota udongo, akatia dawa, akatikisa, akasubiri. Akasogeza kichupa kwenye karatasi ya rangi. Maji yalikuwa yamekuwa buluu ya kukoza.

"Magadi," alisema taratibu. "Magadi tupu, Corey. Tuta la kwanza, la pili, la tatu. La nne liko sawa." Alimtazama. "Umetia nini?"

"Mimi?" Corey alijishika kifua. "Mimi natia ninachokijua! Hapa kuna mtu ameingia."

"Nani aingie humu kutia magadi?"

Corey alizunguka matuta, akifikiri kwa sauti. Kisima? Hapana, tuta la nne linakunywa maji yaleyale. Chokaa ya ukutani? Hapana, ukuta uko mbali. Kisha akasimama, uso ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyempata mwizi.

"Bibi!"

"Bibi nani?"

"Bibi yako na chupa yake ya maji ya baraka! Si alikuomba unyunyize humu, tuta moja moja? Padri hutia nini kwenye maji yale? Chumvi!"

"Nilinyunyiza matone, Corey. Na chumvi si magadi."

"Chumvi, magadi, vyote vya jikoni! Na kwa nini tuta la nne halijaguswa? Kwa sababu chupa iliisha! Wewe mwenyewe uliniambia iliisha!"

Hilo lilikuwa kweli, chupa iliisha. Corey akavuka ua kwa hatua ndefu, akaingia jikoni, akasimama mbele ya mwanamke aliyekuwa ameshika karata zake za kucheza peke yake.

"Bibi, nakuheshimu sana, lakini umeniulia mimea kwa sala."

Rosaire aliinua kichwa. Bibi Alphonsine aliweka karata moja, akaitazama kwa muda, akaweka nyingine.

"Kwa sala," alisema.

"Kwa chumvi ya sala."

"Miaka yote nimenyunyizia ng'ombe, viazi, watoto, na trekta la huyu hapa," alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Kilichokufa ni trekta tu." Vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi vilinyoosha safu ya karata. "Sawa, Corey. Sitanyunyiza tena. Na ile dawa yako ya bangi ya kunipaka mikono, usiniletee. Nisije nikaiua humo koponi."

Akawageuzia mgongo wote, akaangalia nje.

*

Corey alitoka akiwa ameshinda. Kwenye mteremko wa ghala akasimama. Paka watano walikuwa wameinama kwenye barafu, wanailamba kwa bidii, mikia juu.

"Nyinyi nanyi mna nini na barafu?"

Aliinama. Akanusa. Baharini kulikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari, lakini hapo mlangoni palinuka bahari. Akaifunua ndoo ya mlangoni, ndoo nyeupe ya plastiki kama ndoo zote za bonde lile, ambamo watu huweka misumari, achari, chambo na majivu bila kuandika chochote. Ndani kulikuwa na unga wa magamba ya kaa, umebaki nusu.

Aliingia ghalani, akaitafuta ile ndoo tupu, akaiinamisha kwenye mwanga. Chini kulikuwa na vumbi la kijivu, kipande cha mkaa, na msumari uliopinda wa ubao uliochomwa jikoni.

Majivu. Alikuwa amelisha matuta matatu majivu ya jiko la baba mkwe, akayamwagilia vizuri kabisa, kidogo kidogo, kwa ustadi wake wote, mpaka yakageuka magadi hadi kwenye mizizi. Na baba mkwe alikuwa amewaandalia paka karamu ya kambakoche.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtu. Akautia msumari mfukoni, akafuta ndoo kwa mkono wa koti, akaitupa nyuma ya magunia. Huko ng'ambo ya ua pazia la jikoni lilicheza kidogo, lakini Corey hakuwa na nafasi ya kuangalia mapazia.

Kichwa chake sasa kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Majivu yamekaa juu. Akwangue juu. Kisha anahitaji udongo mchachu, mwingi, leo, wakati nchi nzima imeganda kama jiwe. Na udongo mchachu uliokuwa haujaganda ulikuwa mmoja tu.

Alimkuta Rosaire uani na Normand, aliyerudi kuchukua futi yake aliyoisahau.

"Mzee, nilikuwa naomba udongo kidogo. Wa kule nyuma ya ghala."

"Udongo upi?"

"Ule wa viazi."

Rosaire alilivuta lile neno kutoka mahali alipoliweka. "Ule uliokufa?"

"Sikusema umekufa. Nilisema... umelala."

"Normand, ulimsikia alisemaje?"

"Mimi niliambiwa ni siki ya achari," alisema Normand, akifuta utepe wake kwa kitambaa. "Kijiji kizima tuliambiwa."

"Basi sema vizuri unataka nini, mkwe wangu. Sema kwa sauti, Normand hasikii vizuri sikio la kushoto."

Corey alivuta pumzi. "Naomba udongo wa baba mkwe wangu, kwa sababu ni mzuri, na wangu umeharibika."

"Umeharibikaje?" Rosaire aliuliza, safari hii bila utani.

Hapo ndipo mlango wa ukweli ulipokuwa wazi, na Corey angeweza kupita bila hata kuinama. "Si mnajua," alisema, akapunguza sauti. "Chumvi ya Bibi."

Walifanya kazi wote watatu, yeye, Janelle na Rosaire mwenye mgongo mbovu ambaye hakukubali kukaa. Waliondoa majani ya shayiri, wakakwangua udongo wa juu kina cha kiganja, wakautoa kwa toroli. Corey alisukuma toroli peke yake, haraka, kabla mtu hajauangalia sana. Waliuchanganya ule mchachu na mboji ya kinamasi, wakaurudisha. Maji sasa yalipita kwa Janelle kwanza: anatia siki tone kwa tone, anatikisa kichupa, analinganisha rangi, ndipo anasema, "Peleka." Corey alikuwa anapeleka. Kidole alikitumia kukuna ndevu.

Majani ya zamani hayakupona, yalibaki manjano kama kovu. Lakini machipukizi mapya yalitoka kijani cha kiburi, na minyoo ikarudi juu. Barafu ilipoanza kulia kwenye paa, matuta yote manne yalikuwa yamejaa maua mazito, yananuka mpaka Bibi akafunga dirisha.

*

Wakati wa matope, theluji ilipoyeyuka, Rosaire aliweka kiti mlangoni mwa ghala na kuyatazama mavuno yaliyokauka yakiwa yamening'inia. Alinusa tawi moja, akakunja uso. "Linanuka kama kicheche," alisema, na kwa Rosaire hayo yalikuwa pongezi. Mgonjwa mmoja, mkata magogo wa zamani, alishawaambia watu kanisani kwamba amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu aumie. Normand alisikia kwa sikio zima, akaenda kutafuta ghala kwingine.

Jumapili hiyo Normand alialikwa ploye, aone hakuna kinyongo. Ufunguo wa ghala, wa chuma, mzito, ulikuwa mezani karibu na sahani ya Rosaire. Corey aliuona, na ulimi wake nao ukauona.

"Wacha nikusimulie, Normand, mtu mwingine angekimbia," alisema. "Mimi niliingia mle, nikachomeka kidole, udongo ukaniambia: magadi! Nikajiuliza, yametoka wapi? Nikachunguza kisima, nikachunguza ukuta, mpaka nikaifikia ile chupa ya Bibi. Sikumlaumu, unajua, mtu mzima na imani yake. Nikarekebisha kimyakimya. Ndiyo kilimo hicho. Mtu asiyejua angelia."

"Simulizi nzuri," alisema Bibi Alphonsine. "Umeruka kipande."

"Kipande gani, Bibi?"

"Cha paka."

Corey alicheka. Alicheka peke yake.

"Mimi nakaa dirishani," Bibi alimwambia Normand, kana kwamba Corey hayupo. "Nilimwona huyu akizunguka na simu, anaringia mtu. Ndoo mbili ziko mlangoni. Ameleta moja, akaingia na nyingine. Ile ya Rosaire, ya majivu ya barafu. Nikasema, labda ndiyo utaalamu mpya. Mchana Rosaire akamwaga unga wa kaa kwenye mteremko, akaanguka, na paka wa bonde zima wakaja kula. Siku aliyoniita muuaji, nikamwona anatoka hapa, anainusa barafu pamoja na paka, anatazama kushoto, anatazama kulia. Akafuta ndoo kwa koti lake zuri."

Rosaire aliweka uma chini. "Mama, ulijua siku zote hizo?"

"Niliambiwa sala yangu ina sumu. Nikaona nisiongeze neno, lisije nalo likaua kitu."

"Msumari," alisema Janelle ghafla. Alisimama, akafungua droo, akauweka mezani msumari uliopinda, mweusi wa moto. "Ulitoka kwenye suruali yako, Corey. Karibu univunjie mashine ya kufulia. Nilikuuliza, ukaniambia ni wa bahati."

Normand aliutazama msumari, akamtazama Corey, akajimiminia kahawa ili apate kitu cha kufanya na mdomo wake.

Corey alinyoosha kidole kuelekea ufunguo.

Rosaire alichukua ufunguo. Akaupima uzito kiganjani, akawa kama anafikiri, kisha akausukuma juu ya meza. Ukapita sahani ya Corey, ukapita kidole chake kilichokuwa kimenyooka kuupokea, ukasimama mbele ya Janelle.

"Mavuno yamesimama," alisema. "Ahadi ni ahadi. Ghala ni lenu. Lakini ufunguo utakaa kwa anayepima."

Janelle aliufunika kwa mkono, haraka, kabla mtu hajabadili mawazo, na safari hii jicho lake nalo likacheka.

"Na wewe," Bibi Alphonsine alimwambia Corey, akirudi kwenye karata zake, "Jumapili ijayo utanipeleka kanisani mapema. Ile chupa utaijaza mwenyewe, mbele ya padri. Na dawa yangu ya mikono ilete leo. Iandike juu ya kopo ni nini, tusije tukapaka barafu."

Nje, kwenye mteremko uliokwisha kuyeyuka, paka mmoja bado alikuwa anasubiri.